Istilahi za Breki: Kutoka Gereji Hadi Kwenye Orodha

Tuliletewa rasimu ya kijitabu cha mafunzo kwa wanagenzi wa ufundi wa magari, tuipitie kwa upande wa lugha kabla haijapigwa chapa. Sura moja ilihusu kazi ambayo hufanywa kila siku katika gereji zetu: kuondoa pedi za breki zilizolika na diski zilizochakaa, na kutia mpya mahali pake. Ilikuwa sura fupi. Hata hivyo chombo kimoja, yaani lile duara la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu na kubanwa na pedi, kilitajwa ndani yake kwa majina matatu. Mwanzoni kiliitwa "diski", katikati kikawa "rota", na chini ya picha kikaandikwa "sahani ya breki". Mwanagenzi asiye na mwalimu karibu yake angetafuta vitu vitatu na kukiona kimoja.

Hatukuona kwamba mfasiri alikuwa mzembe. Mezani pake palikuwa na vitabu viwili, kimoja cha Uingereza na kimoja cha Marekani, na wenye lugha hiyo wenyewe hawajapata kuafikiana juu ya jina la chombo hicho. Tofauti yao ikahamishiwa kwetu bila mtu kutambua. Uamuzi haukuwa mgumu. "Rota" tayari ina kazi nyingine katika gari: ni kipande kinachozunguka ndani ya kifaa cha kugawa moto kwenye plagi, na tena ni sehemu izungukayo ndani ya jenereta. "Sahani" nayo imekwisha kutumiwa kwa klachi. Ikabaki "diski", ambayo ndiyo mafundi wenyewe huitumia. Lakini kazi hiyo ndogo ilitufanya tujiulize maneno haya ya breki yalitufikia kwa njia gani, na kama njia hiyo imetuachia mzigo wowote usiofaa. Jibu tulilolipata halikuwa lile tulilolitazamia.

Yapasa kukumbuka kwamba kabla ya magari watu wa pwani hawakuwa na haja ya neno la breki. Mizigo ya bara ilichukuliwa mabegani na wapagazi, na mpagazi akitaka kusimama husimama. Magari ya kukokotwa na wanyama yalikuwa machache, kwa kuwa mbung'o waliwamaliza wanyama katika sehemu kubwa ya njia za misafara. Baharini chombo husimamishwa kwa kutua tanga na kutia nanga. Hata hivyo lugha haikuwa mikono mitupu gari lilipoingia. Kutoka jahazini ilikuwa na "usukani", neno ambalo lilihamia katika gari bila kubadilishwa hata herufi. Kutoka kwa maseremala na wahunzi ilikuwa na "jiriwa", "tupa", "keekee" na "msasa", ambao asili yake ni mti wenye majani ya kukwaruza yaliyotumiwa kulainishia mbao. Tena ilikuwa na kitenzi "kereza", yaani kuchonga kitu huku kikizungushwa, kama wafanyavyo wachongaji wa miguu ya vitanda. Tunaomba msomaji aliweke akiba neno hilo la mwisho, tutalirudia.

Mnamo tarehe 10 Agosti, 1907, Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari akikusudia kulikata bara zima, na alifika Swakopmund katika pwani ya magharibi tarehe 1 Mei, 1909. Hivyo magari yalianza kuonekana hapa wakati wa utawala wa Wajerumani. Lakini Wajerumani, walioiachia lugha yetu "shule" na "hela", hawakuiachia neno la breki. Lao lingetupa "bremsi" au kitu mfano wa hicho. Sisi tuna "breki", na sauti yake yaonyesha wazi kuwa limetoholewa kutoka Kiingereza, lugha ya utawala uliofuata. Magharibi ya Ziwa Tanganyika, ambako ufundi ulifundishwa kwa Kifaransa, fundi hulitumia neno la Kifaransa, na madereva wetu wanaopeleka mizigo Lubumbashi hulazimika kujifunza upya jina la kitu wanachokikanyaga kila siku. Tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, jambo hilo si la kuchekesha tena, maana hati za usafirishaji zahitaji kusomeka pande zote mbili.

Vitenzi ndivyo vilivyoundwa na wananchi wenyewe, navyo vina utajiri. Dereva hukanyaga breki, hushika breki, hupiga breki. Akishtuka hufunga breki. Zikimshinda, husemwa kuwa breki zimekatika. Twadhani kitenzi hiki ni kumbukumbu ya magari ya zamani, ambayo mguu wa dereva uliunganishwa na breki kwa fito na waya. Waya ukikatika, breki nazo zimekatika kweli. Lakini kuanzia mwaka 1921, Duesenberg ya Marekani ilipouzwa ikiwa na breki za magurudumu yote manne zinazosukumwa kwa kiowevu, mtindo wa waya ulianza kuachwa, hata leo umebaki zaidi katika breki ya mkono. Katika mteremko wa Kitonga au wa Sekenke lori huponyokwa na breki kwa sababu ya joto: dramu hutanuka na kukimbia viatu vyake, na kitambaa cha breki hupoteza mkwaruzo wake. Hakuna kilichokatika. Hatusemi kwamba kitenzi hicho kifutwe, maana lugha ya watu haifutwi kwa waraka; twasema tu kwamba katika taarifa ya uchunguzi wa ajali hakifai.

Tumetaja viatu. Hapa pana kisa kinachostahili kusimuliwa. Katika orodha moja ya zamani tuliona "kiatu cha breki", tafsiri ya moja kwa moja, na pembeni mtu ameandika kwa kalamu alama ya kuuliza. Alikuwa na haki ya kuuliza. Huko Ulaya, gari la farasi lilipoteremka mlima, mwendeshaji aliliweka gurudumu moja juu ya kipande cha mti au cha chuma chenye umbo la kiatu, ili gurudumu hilo liburute badala ya kuzunguka. Kwa hiyo kiatu kilikuwa kiatu kweli, na jina likabaki hata kifaa kilipoingia ndani ya dramu. Sisi hatukupata kuwa na magari hayo, na mfano uliokosa asili yake hauna mguu wa kusimamia. Mafundi hawakujali hayo yote. Walisema "brekshuu" na kazi ikaendelea. Vivyo hivyo "dramu". Ngoma tulikuwa nayo tangu zama za mababu, na umbo la kifaa ni la ngoma hasa, lakini fundi alilisikia neno pamoja na kukabidhiwa chuma chenyewe, na akavichukua vyote viwili kwa mkono mmoja.

Kitambaa kinachobandikwa juu ya viatu hivyo kina historia yake. Mwaka 1897 Mwingereza Herbert Frood alianzisha kazi ya kutengeneza vifaa vya kukwaruza vya breki za magari ya kukokotwa. Jina la biashara yake, Ferodo, lilitokana na kuzichanganya herufi za jina lake na kuongeza moja. Waitalia hadi leo huita "ferodo" kitambaa chochote cha breki, awe amekitengeneza nani. Ni jambo linaloonyesha kwamba utohozi wa gereji si tabia ya Waafrika peke yao. Mwanzoni mwa karne ya 20 asbesto iliingizwa katika vitambaa hivyo kwa kuwa huvumilia moto, na ilikaa humo muda mrefu mno. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999, na marufuku ya Jumuiya yote ya Ulaya ilikamilika mwaka 2005, kwa kuwa vumbi lake likivutwa huleta saratani na maradhi ya mapafu. Fundi anayepuliza vumbi la breki kwa pampu ya upepo, au kwa mdomo wake mwenyewe, hawezi kujua kwa macho kitambaa kile cha zamani kilitengenezwa kwa nini. Vumbi hilo lapasa kulowanishwa na kufutwa.

Diski ilichelewa kutufikia, ingawa si changa. Frederick Lanchester aliipatia hataza huko Uingereza mwaka 1902, lakini metali ilikwaruza metali na kupiga kelele, na haikuenea. Ilirudi kwa kishindo mwaka 1953 gari la Jaguar lilipoyashinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans likiwa na diski, na miaka miwili baadaye Citroën DS ikaanza kuuzwa ikiwa nazo magurudumu ya mbele. Katika nchi zetu Land Rover za miaka hiyo ziliendelea na dramu pande zote nne. Peugeot 504, iliyotokea mwaka 1968 na kupendwa sana katika Afrika Mashariki, ilikuwa na diski. Ndiyo maana twaweza kuyapanga maneno ya gereji kama matabaka ya udongo: chini "dramu" na "brekshuu", juu yake "diski", "pedi" na "kalipa".

Kando ya matabaka hayo lipo jingine, la madereva wa malori. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi tarehe 11 Novemba, 1965, Zambia ililazimika kupitisha mafuta yake Dar es Salaam, na malori mengi yalimiminika katika barabara mbovu ya kwenda Mbeya na Tunduma. Malori makubwa husimamishwa kwa hewa iliyoshindiliwa, ufundi ambao George Westinghouse aliubuni kwa ajili ya treni mwaka 1869. Madereva na utingo wao wakaziita "breki za upepo". Hakuna kamati iliyoketi, wala hakuna kamusi iliyofunguliwa, na istilahi hii haina kasoro hata moja. Kasoro huanza gari dogo linapoingia gereji hiyo hiyo. Katika lori upepo ndio nguvu. Katika gari dogo upepo ni adui, na fundi akibadilisha mipira ya breki hana budi "kutoa upepo". Mwanagenzi mmoja alituuliza, kwa unyofu kabisa, kwa nini wa huku watiwa na wa huku watolewa. Swali hilo lingefaa liwe la kwanza katika kijitabu.

Kazi ya kuunda istilahi, tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hadi Baraza lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967 na kuanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970, imefuata kawaida inayojulikana. Kwanza hutafutwa neno katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu na za Kiafrika, na mwisho ndipo hukopwa kutoka nje. Ni kawaida njema, nasi tumeitumikia. Kwa kuifuata, mtu angetazamia kwamba katika sura ile ya kijitabu maneno ya kuogopwa yangekuwa yale ya kigeni: pedi, diski, kalipa. Tuliyapima moja moja. Kuhusu "pedi" mzee mmoja alinong'ona kwamba neno hilo siku hizi lina matumizi yake kwa akina mama. Tukamjibu kwamba hakuna fundi atakayechanganya, na kwamba kwa matumizi hayo mengine "sodo" lipo. Kuhusu "kalipa" pana shida ndogo, kwani Kiingereza huita hivyo hivyo kifaa cha kupimia unene, na katika kazi hii vyote viwili huwa mkononi. Hapa kawaida yetu ilisaidia: "bikari" lipo tangu zamani kwa chombo cha miguu miwili cha kupimia na kuchorea, na ukisema "bikari ya kupimia" umekwisha kutofautisha. Kwa ufupi maneno ya kigeni yalikuwa salama. Lililotutia hofu ni neno la Kibantu asilia, ambalo kila mtu hulijua na hakuna aliyewahi kulishuku: "mafuta ya breki".

Hebu tufuate jambo lenyewe hatua kwa hatua. Pedi mpya ya gari dogo huwa na unene wa milimita 10 hivi. Kila inapolika, pistoni ndani ya kalipa husogea mbele kuifuata, na kiowevu kutoka kikopo cha juu hushuka kujaza nafasi iliyoachwa. Kwa hiyo katika gari lisilovuja kikopo hupungua polepole, na kupungua kwake ni habari: pedi zinakwisha. Mwenye gari hufungua boneti, huona kikopo kimepungua, na kwa kuwa ameambiwa kwamba humo mna mafuta, huchukua yale aliyo nayo, ya injini au ya usukani, akajaza. Amefanya makosa mawili kwa tendo moja. Ameifunika ile habari, na fundi atakapozirudisha nyuma pistoni ili kutia pedi nene, kikopo kitafurika. Tena ametia kitu kilicho sumu kwa mipira ya ndani. Kiowevu cha breki za kawaida, kile kiandikwacho DOT 3 au DOT 4 kwenye chupa, si mafuta; hutokana na kemikali za jamii ya glikoli, na mipira ya breki imetengenezwa kuishi ndani ya hicho tu. Ikikutana na mafuta ya madini huvimba na kulegea, pistoni hung'ang'ania, gurudumu hushika moto, na mwishowe mguu hushuka hadi chini bila gari kusimama. Kuanzia hapo hakuna tiba isipokuwa kuosha mfumo wote na kubadilisha kila kipande chenye mpira.

Mjumbe mmoja alipendekeza "maji ya breki", kwa mfano wa "maji ya betri". Bahati mbaya hilo ni adui wa pili. Kiowevu hiki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4 ikiwa mpya haipungui nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini ikiisha kunyonya maji kiwango chake cha chini ni nyuzi 155 tu, na DOT 3 hushuka kutoka 205 hadi 140. Ikichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Basi majina mawili ambayo lugha yetu ilikuwa tayari kuyatoa ni ya vitu viwili ambavyo havipasi kabisa kuingia humo.

Tulipendekeza "kiowevu cha breki". Walikuwapo waliopinga wakisema kwamba neno ni la darasani na dukani halitasikika. Huenda ni kweli. Hata hivyo twaona kwamba mtu anayekutana na neno asilolijua husimama akauliza, na katika jambo hili kusimama kidogo ndiko tunakokutaka. Wenzetu wengine waliona kwamba tunabeba neno mzigo ambao ni wa mwalimu. Hatukukubaliana nao, na katika rasimu iliyorudishwa "mafuta ya breki" yametajwa mara moja tu, pale mwanagenzi anapoambiwa kwamba ndiyo atakayoyasikia kwa wateja.

Sasa turudie "kereza". Rasimu ilisema kwamba diski yenye mifereji "ifanyiwe mashine". Kwa mashine gani, na kufanywa nini? Mchongaji wa miguu ya vitanda angeelewa mara moja akiambiwa kwamba diski hukerezwa: huzungushwa, na chuma kikali kikaondoa utando mwembamba pande zote mbili hadi uso unyooke. Neno lilikuwapo likingoja kazi. Lakini si kila diski hukerezwa. Kila moja imepigwa chapa, kwenye ukingo au karibu na kitovu, kipimo cha unene ambao haipasi kupungua. Na diski ikiwa imefika hapo, au itafika hapo baada ya kukerezwa, hutupwa, nazo hubadilishwa mbili kwa pamoja za mhimili mmoja. Diski nyembamba hushika joto upesi na yaweza kupasuka. Mteja atalalamika kwa bei. Fundi asiye na jina la kipimo hicho hubaki akisema "imekwisha", naye mteja hujibu kwamba bado yang'aa. Tumekiita "unene wa mwisho", na pedi nayo ina wa kwake, ambao mafundi wengi hukadiria milimita 3.

Kuhusu hatua za kazi yenyewe hatukuwa na la kusahihisha ila maneno machache. Kabari huwekwa nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Kalipa haiachwi ining'inie kwa mpira wake. Diski mpya hufutwa mafuta ya ghalani kabla ya kufungwa. Na kabla gari halijasogea hata hatua moja, breki hukanyagwa mara kadhaa mpaka mguu ukutane na kitu kigumu. Agizo hilo la mwisho rasimu ilikuwa imeliweka baada ya "jaribu gari barabarani". Tumelipandisha juu.

Limebaki neno moja ambalo hatukulipata. Diski ikitumika muda mrefu, sehemu inayoguswa na pedi huzama, na pembeni kabisa hubaki mwinuko mwembamba wa chuma ambacho hakikuguswa. Fundi mzoefu hupitisha ukucha wake hapo, na kwa mwinuko huo hukisia diski imelika kiasi gani kabla hajaishika bikari. Rasimu iliuita "mdomo", tafsiri tu. Wengine wamesema "ukingo", lakini ukingo diski inao hata ikiwa mpya. Wasomaji wetu walio katika gereji za Tanga, Mwanza, Mombasa au penginepo, na hasa wale wanaokereza vyuma, wanaombwa watuandikie jina wanalolitumia, pamoja na mahali linapotumika.